Umeuza gari nje ya Kenya na malipo yanaleta shida? Anzia hapa

Kama uko na yadi Ngong Road ama Kiambu Road, ama hata unauza gari moja moja kwa simu, umeona vile wateja wa nje wanauliza, leo mtu wa Kampala anataka Prado, kesho Juba wanatafuta Land Cruiser, keshokutwa jamaa wa Goma anauliza Noah ngapi zinaweza kupatikana kwa mara moja. Bei wanakubali haraka kuliko wateja wa hapa. Shida huanza kwa malipo, na ikianza watu wengi hukimbilia kumpigia mteja kelele kabla hawajajua kitu gani kimeharibika hasa.

Kila dalili hapa chini ipime kwa maswali matatu: saa hii gari iko kwa nani, karatasi ziko kwa nani, na pesa iko kwa nani. Mteja akishika gari na karatasi na wewe umeshika ahadi tu, uko hatarini hata kama ni mtu muungwana na mmejuana miaka. Ukijibu hayo matatu kwanza utajua kama uko na muda wa kusubiri ama inafaa ufunge geti saa hiyo hiyo.

Skrinishoti ya SWIFT imeingia, akaunti iko kavu

Mteja anatuma PDF imeandikwa MT103, yaani ujumbe wa malipo wa SWIFT, ule mtandao benki hutumia kutumiana taarifa za malipo ya nje, ina jina lako, ina namba ya akaunti yako, ina mihuri, alafu baada ya muda kidogo anapiga: "Bosi, pesa imeshatoka, wacha kijana wangu achukue gari, ako hapo nje."

Inawezekana hiyo karatasi ni ya kutengenezwa. Ujumbe wa SWIFT hutoka benki kwenda benki, hauji WhatsApp, kile umetumiwa ni nakala na nakala mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiandika vizuri sana. Usipoteze muda kukagua fonti na mihuri. Tafuta UETR, namba ya kufuatilia malipo, ule msururu wa herufi na namba ambao ukihesabu na vistari unafika 36, upeleke kwa benki yako uombe waifuatilie. Malipo ya kweli ya SWIFT huwa nayo, na mteja akikataa kuitoa ama akuambie benki yake haitumii hizo vitu, hapo umeshapata jibu. Pia ujue tangu Novemba 2025 benki zimehamia muundo mpya wa ujumbe wa malipo ya nje, watu bado wanaiita MT103 kwa mazoea, lakini mtu akikusukuma na fomu ya zamani kama ushahidi wa mwisho, muulize benki yako kwanza. Na kama ni MT799 ndio anakuonyesha, hiyo ni barua tu kati ya benki na benki, haijabeba hata senti moja. Mabroka wa oda kubwa za magari kumi kumi wanaipenda sana.

Inawezekana pia karatasi ni ya kweli na pesa iko njiani. Dola ya kutoka Juba haiji moja kwa moja Nairobi, hupitia benki nyingine katikati, mara nyingi New York, na kule jina likifanana na la mtu aliye kwa orodha ya vikwazo ya Marekani wanasimamisha mpaka maswali yajibiwe, na majina ya huku kwetu yanafanana sana. Ongeza kwamba Sudan Kusini iliwekwa 2021 kwa orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa la kupambana na utakatishaji wa fedha, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Kongo 2022, na Kenya yenyewe Februari 2024, kwa hivyo benki za nje huuliza maswali zaidi kila zikiona malipo ya upande huu. Hapo unasaidia kwa karatasi: tuma benki yako invoisi, nakala ya kitambulisho ama paspoti ya mnunuzi, mkataba, na chasisi namba, usingoje waombe.

Ama ni kitu kidogo tu, invoisi ina jina la yadi na akaunti iko kwa jina lako binafsi, benki inaona majina hayaendani inarudisha. Rekebisha invoisi kabla ya kumlaumu mtu.

Kwa mteja wa Kampala, Dar ama Kigali uliza kama anaweza kutuma kwa EAPS, ule mfumo unaounganisha RTGS, yaani mifumo ya benki ya kutuma pesa kubwa moja kwa moja, za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kwa sarafu za huku, hapo hamuhitaji kuzunguka New York na mambo mengi yanaisha.

Na kwa yote hayo gari haitoki mpaka afisa wa benki yako akujibu kwa barua pepe kwamba pesa imeingia na iko huru kutumika. Kuna tofauti kubwa kati ya pesa inayoonekana kwa apu na pesa unayoweza kutoa.

Pesa imefika lakini imepungua

Hii ni ndogo. Ulitarajia dola 20,000 zikafika pungufu kidogo, basi benki za katikati zimekata ada zao. Kwenye fomu ya kutuma kuna OUR, SHA na BEN: OUR ni mtumaji anabeba gharama zote, SHA mnagawana, BEN ni wewe unakatwa. Andika kwa invoisi kwamba gharama zote za benki ni za mnunuzi na atume kwa OUR, na kiasi kilichopungua kimalizwe kabla ya ufunguo kutoka. Kama upungufu ni mkubwa, angalia isije kuwa dola imeingia kwa akaunti ya shilingi na benki ikabadilisha kwa kiwango chake. Fungua akaunti ya dola, ni rahisi.

Ilikuwa imeingia, sasa imefungiwa ama imerudi

Kwanza uliza iliingia kwa njia gani, juu kila njia inarudi kivyake.

Cheki ndio mbaya zaidi. Inaonekana kwa akaunti kabla haijaiva, unaachilia gari Ijumaa jioni, wiki ijayo imerudi haina pesa. Na kumbuka tangu 2009 cheki ya zaidi ya milioni moja haipiti kwa mfumo wa kawaida wa kubadilishana cheki Kenya, hizo kiasi zinaenda RTGS. Kwa hivyo mtu akikuandikia cheki moja ya milioni tatu ya benki nyingine, ama hajui ama anakupotezea muda. RTGS ikishakamilika ni ya mwisho, haivutwi nyuma na mtumaji, ndio maana ni nzuri.

M-Pesa kikomo ni shilingi 250,000 kwa mara moja na akaunti ya kawaida haishiki zaidi ya 500,000, kwa hivyo gari nzima haiwezi kulipwa hivyo, na mtu akianza kukutumia vipande vipande kutoka namba za watu tofauti jua kila mmoja wa hao anaweza kuomba irudishwe akidai alikosea namba. M-Pesa ni sawa kwa pesa kidogo ya kushikilia gari, basi.

Pesa taslimu, dola za mkononi, zihesabiwe ndani ya benki na mhudumu wa benki, usihesabu kwa yadi. Noti bandia ziko, na noti za miundo ya zamani sehemu nyingi wanazikataa ama wanalipa chini. Na benki itauliza zimetoka wapi, hiyo ni sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha, usikasirike na mhudumu.

Sababu ambayo nataka uichukulie kwa uzito mkubwa ni pesa ya mtu wa tatu. Mnunuzi ni wa Juba, jina lake ni moja, lakini pesa imetoka kampuni fulani Dubai ama kwa mtu Marekani. Anakuambia ni ndugu yake, ni partna wake. Inaweza kuwa kweli, biashara za huku ndio hivyo. Lakini inaweza kuwa huyo wa Marekani ameibiwa, na akienda kwa benki yake kulalamika, benki inaomba pesa irudishwe, yako inafunga akaunti nzima ikichunguza, mishahara ya vijana wa yadi imekwama, na gari iko Yei. Weka sharti kwa invoisi: malipo yatoke kwa akaunti yenye jina la mnunuzi tu. Akihitaji mtu mwingine alipe, ataje kabla, walete barua wametia sahihi wote wawili, vitambulisho, na sababu, uzipeleke benki kabla pesa haijatumwa.

Na kama amelipa zaidi alafu anaomba urudishe ile ya juu kwa "ajenti wa usafirishaji", usirudishe popote. Pesa hurudi ilikotoka, akaunti ile ile, kupitia benki, na baada ya ile ya kwanza kuthibitika. Huu ujanja ni wa zamani na bado unafanya kazi kwa sababu muuzaji huwa amefurahi.

Mteja anaapa amelipa, na kweli amelipa, lakini si kwako

Hapa mtu ameingia kwa barua pepe, yako ama yake, amesoma mazungumzo yenu kimya kimya, na siku ya kulipa ametuma invoisi ile ile imebadilishwa namba ya akaunti. Logo yako, lugha yako, hata ile salamu yako ya "habari ya familia" iko. Mteja analipa kwa roho safi. Alafu mnabaki mkigombana nani alidanganywa.

Ikitokea, kila saa ni muhimu: mteja apigie benki yake waombe pesa isimamishwe, wewe umpigie afisa wa benki ambayo pesa imeenda kama iko Kenya, alafu mripoti kwa polisi wa upelelezi, DCI. Badilisha nywila kutoka simu nyingine, na angalia kwa mipangilio ya barua pepe kama kuna sheria imewekwa ya kupeleka nakala kwa mtu mwingine, hiyo watu husahau na mwizi anaendelea kusoma.

Kuzuia ni kumpa mteja namba ya akaunti siku ya kwanza mkiongea kwa video ama ana kwa ana, na kumwambia kwa maneno haya haya: "Mkubwa, akaunti yetu haibadiliki, ukiona imebadilika nipigie kwa hii namba kabla hujatuma chochote." Alafu atume kiasi kidogo kwanza, uthibitishe kwa sauti, ndio atume nyingine.

LC iko, gari imeenda, benki imekataa kulipa

LC (letter of credit) ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba itakulipa ukileta karatasi zilizotajwa, jinsi zilivyotajwa. Wauzaji wengi wakisikia LC wanapumua, wanaona ni kama pesa imefika. Haijafika. Benki inaangalia karatasi, haiangalii gari, hiyo imeandikwa wazi kwa UCP 600, kanuni za kimataifa za LC ambazo karibu LC zote duniani zinafuata tangu 2007. Gari inaweza kuwa safi, mteja ameridhika, na bado usilipwe juu ya herufi moja.

Ukiambiwa kuna tofauti kwa karatasi, pata orodha yao kwa maandishi. Benki ina siku tano za kazi za benki kuangalia, na ikikataa inafaa itaje sababu zote kwa taarifa moja, haiwezi kuja wiki ijayo na sababu mpya. Hicho ni kitu cha wewe kushikilia.

Sababu ninazoziona zikirudi rudi ni chasisi namba kwa invoisi kutofautiana na ile ya hati ya kusafirisha, mtu ameandika O mahali pa sifuri. Maelezo ya gari pia: LC imesema "2018 Toyota Land Cruiser Prado TX" na invoisi inasema "Prado 2018". Jina la kampuni limeandikwa Ltd upande mmoja na Limited upande mwingine, mara nyingi hii inapita lakini kwa nini ubishane. Na kuchelewa: kama LC haijasema vingine, una siku 21 tangu gari kusafirishwa kuwasilisha karatasi, na lazima pia iwe kabla LC yenyewe haijaisha muda. Gari ikikaa Mombasa ama yadi ya forodha ikingoja ajenti, hizo tarehe zinapita.

Sharti la mtego ndilo linaniumiza zaidi. LC inasema utalipwa ukileta cheti cha ukaguzi kilichotiwa sahihi na mnunuzi ama mwakilishi wake. Ukikubali hiyo hauna LC, uko na ruhusa ya kuomba pesa kwa mtu yule yule ambaye atakulipa akipenda. Ukiiona kataa kabla gari haijasogea. Mkaguzi awe mtu wa pembeni, kampuni ya ukaguzi inayojulikana, na ukaguzi ufanywe Nairobi, sio kule gari inakoenda.

Alafu kuna benki yenyewe. LC ya benki ya nchi ambayo dola ni shida, hata karatasi zikiwa safi kabisa, benki inaweza kuchelewa ama kushindwa. Dawa ni kuomba benki ya hapa Nairobi iithibitishe, yaani iongeze ahadi yake juu ya ile, isikutumie tu taarifa kwamba LC imefika. Watu wanachanganya hizo mbili: kukujulisha ni kupeleka barua, kuthibitisha ni kubeba hatari. Inalipiwa, na benki ikikataa kuthibitisha kwa bei yoyote, basi watu ambao kazi yao ni kupima hatari wamekuambia kitu, sikiliza.

Fanya hivi siku LC inafika: keti na afisa wa biashara za nje wa benki yako, someni mstari kwa mstari, kila karatasi jiulize nitaipata wapi na itachukua siku ngapi. Kitu hauwezi kupata omba kibadilishwe hapo hapo. Baada ya gari kuondoka, mabadiliko ni huruma ya mnunuzi. Kwa gari moja ya milioni mbili LC inaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko faida, mimi ningeitumia kwa oda ya magari kadhaa ama kwa malori na mashine.

Gari imefika mpakani na mteja ameanza kuteremsha bei

Gari iko Malaba ama Elegu, mteja anasema rangi sio ile, ama dola imepanda kwao, ama hana pesa yote, punguza tumalizane. Anajua kurudisha gari Nairobi ni gharama, kupaki ni gharama, na wewe una haraka.

Mara nyingi chanzo ni mpango wa karatasi kupitia benki: wewe unapeleka karatasi kwa benki yake, analipa ndio anapewa. Kwa bahari hii inafanya kazi vizuri, kwa sababu hati halisi ya meli ndiyo ufunguo wa mzigo bandarini, asiye nayo hatoi gari. Kwa barabara sio hivyo. Hati ya lori ama ya dereva wa tranziti haibebi umiliki, aliyeandikwa kama mpokeaji anaweza kupewa gari hata kama zile karatasi bado ziko kwa droo ya benki. Watu wanakopi mpango wa Mombasa wanauweka kwa njia ya Busia na wanashangaa gari imechukuliwa bila malipo.

Kwa hivyo njia ya barabara, mpokeaji kwa karatasi asiwe mnunuzi mpaka pesa iingie. Awe ajenti wako wa forodha upande ule, ama gari ikae kwa ghala la forodha kwa maagizo yako, na maagizo ya kuachilia yatoke kwako kwa maandishi. Dereva pia apewe maagizo kwa maandishi, ajue namba moja tu ya simu inayoweza kumwambia achia. Madereva wanashawishiwa, na wengine hawana ubaya, wameambiwa tu "bosi wako amesema sawa."

Na ikiwa tayari imekwama, piga hesabu ya kurudisha gari ama kuuzia mtu mwingine pale pale kabla hujajibu, ukijua hiyo namba hautashikwa na hofu. Usitoe nafuu kwa simu. Kama unatoa, iwe dhidi ya malipo siku hiyo.

Wakati mwingine mteja hana ujanja, gari yenyewe ndio haiingii. Uganda kwa sheria ya 2018 hairuhusu kuingiza gari iliyofikisha ama kuzidi miaka 15 tangu itengenezwe, na gari za namba za zamani za hapa nyingi zimefika huko. Ethiopia tangu 2024 imezuia kuingiza gari binafsi za petroli na dizeli. Rwanda na Kongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na gari zetu usukani uko kulia, zimetengenezwa kwa kuendesha kushoto. Mnunuzi atataka pesa yake yote, kwa hivyo andika kwa mkataba nani anabeba hatari ya gari kukataliwa, na bado uliza ajenti kabla ya kupokea hata ile pesa ya kwanza.

Alilipa nusu, gari ikavuka, sasa simu hashiki

Hii ndio inafunga mayadi. Na ni ngumu kutibu, kwa hivyo nitasema zaidi kuhusu kabla.

Kwanza tofautisha hawezi na hataki. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23, benki za mji zilifungwa, na mtu mwaminifu kabisa pale hakuwa na njia ya kutuma. Huyo unampangia njia nyingine kupitia upande wa Rwanda ama jamaa yake Nairobi, kwa masharti yale yale ya karatasi za mtu wa tatu. Hataki ni yule anayebadilisha namba, ama anapost gari kwa mitandao anaiuza. Huyo unaenda kwa wakili wiki hiyo hiyo.

Tracker inasaidia kama uliiweka na laini inayofanya kazi nje ya Kenya, wengi huweka laini ya kawaida inanyamaza mpakani. Na usizime injini kwa tracker gari ikiwa barabarani, utaua watu. Ikipaki, sawa, na iwe imeandikwa kwa mkataba kwamba una haki hiyo.

Ile sentensi ya "umiliki unabaki kwa muuzaji mpaka alipe yote" iweke, lakini usilale juu yake. Ukiisajili haki yako chini ya sheria ya 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, sajili hiyo ni ya Kenya, mtu atakayeuziwa hiyo gari Gulu hataiona. Kitu kina nguvu kuliko hiyo ni dhamana iliyo Nairobi. Mdhamini mwenye mali hapa, kampuni yake iliyo Eastleigh ama Industrial Area, atie sahihi pamoja na mnunuzi. Wateja wengi wa Juba na Mogadishu wana ndugu wanaofanya biashara hapa, sio aibu kuomba, sema tu kwa heshima: "Mzee, wewe nakuamini, lakini biashara yangu inataka mtu wa hapa asimame na wewe." Anayekusudia kulipa hukubali ama huleta njia nyingine.

Njia nyingine nzuri ni dhamana ya benki, na iseme italipa mara utakapodai, bila wewe kwenda kuthibitisha kosa kortini. Barua nyingi zinaitwa dhamana lakini ndani zinasema benki "itajitahidi" ama "inathibitisha mteja ni wetu." Hizo hazilipi. Iletwe na benki yake kwa benki yako kwa SWIFT, isiletwe na mteja kwa bahasha, na tarehe yake ya kuisha ipite tarehe ya awamu ya mwisho kwa angalau mwezi.

Kama benki ya mnunuzi ndiyo inamkopesha gari, ile barua ya "tumekubali mkopo" sio pesa. Soma masharti yake: mara nyingi wanataka gari isajiliwe kule kwanza ndio walipe, yaani wewe utoe kila kitu ukisubiri. Ongea na benki wakubali kuandika ahadi ya kulipa isiyovunjika gari ikifika kwa ajenti, ama uache.

Bila mdhamini na bila benki, mimi naona usikopeshe mtu nje ya mpaka. Asilimia 30 ya kufunga gari, inayobaki yote kabla ya kutoka. Utapoteza wateja wengine, ni kweli, na inauma ukiwaona wameingia yadi ya jirani.

Mkataba uwe na mahali pa kumaliza ugomvi. Uamuzi wa usuluhishi uliofanywa Nairobi unaweza kutekelezwa Uganda, Tanzania, Rwanda na Kongo kwa sababu wote wamejiunga na Mkataba wa New York wa 1958 kama Kenya, na kituo cha usuluhishi cha NCIA kiko hapa mjini. Kama unauza mengi kwa awamu, ulizia bima ya malipo: ATIDI, shirika la bima ya biashara la nchi za Afrika, makao yake ni hapa Nairobi na inashughulika na mnunuzi kutolipa na pia hatari za kisiasa. Kwa gari moja haiwezekani kiuchumi, kwa anayepeleka magari kila mwezi ni mazungumzo ya maana na benki yako.

Na kama gari yenyewe ulichukua kwa mkopo na jina la benki liko kwa logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, usiahidi mteja tarehe kabla benki haijakubali kwa maandishi kuondoa jina. Mteja amelipa na logibuku haitoki, hapo wewe ndiye unakuwa mdanganyifu machoni pake.

Alilipa yote lakini hesabu bado ni hasara

Angalia dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, kufikia Aprili imeshuka hadi karibu 130. Aliyekubaliana dola 20,000 akihesabu milioni 3.2, na gari ameinunua kwa shilingi, alipolipwa miezi mitatu baadaye alipata kama milioni 2.6, laki sita zimepotea na mteja hajakosea popote. Kwa hivyo bei ya invoisi iwe na tarehe ya mwisho, siku saba zinatosha, na sarafu ifanane na gharama zako: kama deni lako ni la shilingi taja bei kwa shilingi ama bei ya dola inayofuata kiwango cha siku ya malipo. Kama deni lako ni la yen ama dola kwa muuzaji wa Japan, acha dola ikae kwa akaunti ya dola, usibadilishe mara mbili. Benki pia inaweza kukufungia kiwango cha baadaye, uliza kama kiasi ni kikubwa.

Umelipwa vizuri, alafu KRA wanauliza VAT

Gari ikiuzwa nje VAT ni asilimia sifuri, lakini ni ukiwa na ushahidi wa forodha kwamba imetoka. Ukimpa mteja ufunguo hapa Nairobi na kumwachia yeye mambo ya mpakani, alafu asiivushe, kwenye vitabu vyako hiyo ni mauzo ya ndani na hiyo asilimia 16 utailipa wewe. Shika kiasi cha VAT kama dhamana mpaka ajenti alete cheti cha kutoka kwa forodha, ndio umrudishie, na hakikisha ajenti ni wa kwako. Logibuku pia, kama gari ilishasajiliwa hapa, malizia mambo ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa eCitizen kabla haijavuka, juu mteja akishafika Wau hatakuwa na haraka ya kukubali transfa kwa simu.